Laptopu kubwa inazimika yenyewe: ni joto, ni vumbi ao ni umeme mdogo?

Kuna laptopu fulani nzito, nyeusi, klavye yake inawaka taa za rangi, nyuma iko na matundu mawili makubwa ya kutoa hewa. Watu wanainunua Bukavu ao Goma, wengine wanaletewa na ndugu aliye Dubai. Kiwandani ilitengenezwa kwa ajili ya michezo. Lakini hapa Kasongo na kule Kabambare, mwenyewe anacheza mpira ndani yake jioni tu; mchana njo inamlisha. Inakata video za ndoa, inachanganya sauti za kwaya, inaandika kazi za wanafunzi wanaomaliza masomo. Kwa hiyo inapoanza kuzimika pap! bila kuaga, kinachopotea si mechi tu. Ni video ya arusi ya watu ambao walikwisha kulipa nusu ya pesa.

Ukurasa huu ni wa kukusaidia kujua ugonjwa wenyewe kabla hujatoa pesa, na zaidi kabla hujaifunga mashini ndani ya karto na kuipandisha juu ya pikipiki kwenda kutafuta fundi mbali. Barabara zetu unazijua. Mashini nyingi zilienda na ugonjwa mmoja zikarudi na miwili.

Bukavu ilikuwa nzima, Kasongo inakufa

Lalamiko la kwanza la watu liko hivi: "Wakati wa kuinunua tuliijaribu saa nzima, haikuzimika. Muuzaji ametuchezea." Pengine muuzaji hana kosa. Bukavu iko juu, karibu mita 1500 kutoka usawa wa bahari, hewa yake ni ya baridi. Kasongo haifiki nusu ya urefu huo. Na kila ukishuka mita 1000, hewa inaongezeka joto karibu digrii 6. Ukiongeza paa la mabati saa nane ya mchana, chumba kinakuwa kitu kingine kabisa.

Watu wengi wanafikiri ventilatere ya ndani inatengeneza baridi kama frigo. Hapana. Inachukua hewa ya chumba, inaipitisha kwenye mapezi membamba ya chuma yaliyobeba joto la prosesa, inaitupa nje. Basi. Joto la ndani linahesabiwa kuanzia joto la chumba. Tuseme mashini yako, mchezo ukiwa mzito, inapanda digrii 65 juu ya hewa ya chumba. Chumba kikiwa digrii 22, prosesa inafika 87, inaendelea na kazi. Chumba kikiwa 33, inafika 98. Mashini ni ileile, mchezo ni uleule.

Namba hiyo 98 iko karibu sana na mpaka. Prosesa nyingi za Intel za laptopu zinaishia digrii 100. Za AMD ni kati ya 95 na 105, kufuatana na aina. Kadi ya picha ya NVIDIA kwa kawaida inaanza kujizuia kwenye 87 hivi. Sasa shika hili, juu watu wengi wanalikosea: mashini iliyo nzima, ikifika kwenye mpaka, haizimiki mara moja. Kwanza inapunguza mwendo. Mchezo unaanza kukatakata, wachezaji wanatembea kama wamechoka, ventilatere inalia kama ndege. Ikiweza kujipoza namna hiyo, inaendelea. Kuzimika kabisa ni hatua ya mwisho, wakati kupunguza mwendo hakukutosha. Kwa hiyo mashini inayozimika ghafla, bila kuwa nzito kwanza, ao njia yake ya kupoza imekufa, ao tatizo si joto.

Umeme mdogo unavaa sura ya joto

Hapa tukae kidogo, sababu ni hapa watu wengi wanatupa pesa yao. Sisi wenyewe tulidanganyika. Mashini yetu ya montaji ilikuwa inazimika kila jioni. Tukaifungua, tukaisafisha, tukanunua pate mpya, ikaendelea kuzimika. Mwisho tukagundua kwamba waya kati ya batri ya sola na konvertisere ulikuwa mwembamba, waya wa taa. Ulikuwa unapata moto hadi plastiki inalegea, na hakuna aliyeugusa hata siku moja.

Geuza shaja ya laptopu, soma maandishi. Upande wa kutoa utaona kwa mfano volti 20 na ampere 9. Zidisha: wati 180. Laptopu za michezo ziko na shaja za wati 120, 180, 230, na kubwa zaidi zinapita 300. Laptopu ya kawaida ya ofisi inatumia 45 ao 65. Ona tofauti. Ukiandika barua, hata hii kubwa inatumia kidogo, ndiyo maana haizimiki. Ukifungua mchezo ao ukianza kutoa video, inadai nguvu zake zote kwa mara moja, na hapo konvertisere ndogo inalia pip-pip na kukata.

Konvertisere ya soko iliyoandikwa 500 ao 1000 juu ya boksi, namba hiyo mara nyingi ni nguvu ya sekunde chache, si ya kubeba saa nzima. Hesabu nusu yake. Tena wati 180 kutoka batri ya volti 12 ni ampere 15, na ukiongeza kinachopotea ndani ya konvertisere inapita 17. Waya mwembamba na mrefu unakula volti njiani. Batri inaweza kuwa imejaa, lakini konvertisere inaona volti zimeanguka, inajifunga. Tumia waya mnene, mfupi, na ukaze vizuri pale unaposhika batri.

Na hesabu ya pesa: batri ya volti 12 na ampere-saa 100 inabeba wati-saa 1200, lakini ile ya asidi, ukitaka iishi, usiishushe kupita nusu. Unabaki na 600. Kucheza masaa mawili kwa wati 180 ni 360, na ukiongeza kinachopotea ni karibu 420. Pano ya wati 100, siku ya jua zuri, inaleta karibu hiyohiyo 400. Mwenye kibanda cha kusharji simu atakuelewa haraka: simu moja inakula wati-saa 15 ao 20, kwa hiyo mechi za usiku mmoja zimekula umeme wa simu zaidi ya ishirini.

Grupu ndogo ya esanse iko na ugonjwa wake. Inapoanza kukosa mafuta, ao jirani anapowasha frigo kwenye waya uleule, volti zinapanda na kushuka. Shaja nyingi zinakubali kutoka volti 100 hadi 240, kwa hiyo kushuka kidogo si kitu. Lakini kupanda juu sana kunaiua, na kukatika kwa nusu sekunde kunazima mashini yote kama batri ya ndani imekufa. Jaribu: fungua barua tu, bila mchezo, halafu chomoa shaja. Ikizimika palepale, batri ya ndani haishiki tena kitu, na kila mara grupu inapokohoa mashini yako inaanguka. Stabilizatere nzuri inapunguza kupanda na kushuka huko, kukatika haikuzuii.

Tofautisha hivi. Kama ni joto, chini ya mashini kunaunguza, klavye iko moto, mchezo ulikuwa mzito kwanza, na ukibonyeza kuwasha mara moja inakataa ao inawaka na kuzimika tena. Ukingoja dakika kumi na tano inakubali. Kama ni umeme, inawaka palepale, ventilatere hata haikulia sana, na taa ndogo ya shaja ao ya konvertisere ilizimika pamoja nayo. Kama screen inakuwa ya buluu na maandishi, hapo ni kitu kingine: programu, memori ao diski. Usisafishe ventilatere juu ya screen ya buluu.

Kupima bila intaneti

Kama mashini iko na Windows 10 iliyofanyiwa mise à jour tangu 2020, ao Windows 11, na iko na kadi ya picha ya pekee, bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja. Ingia mahali pameandikwa "Performance" ao "Performances", chagua GPU: utaona digrii zake palepale. Kwa prosesa unahitaji programu ndogo. HWiNFO ni ya bure, na iko toleo lisilohitaji kuinstalewa, linatembea juu ya flashi. Mtu mmoja aivute mara moja kwenye cyber, kartie nzima inakopi.

Iache ikiandika namba, cheza hadi izimike, halafu uangalie namba ya mwisho uliyoona. Weka simu pembeni ifilme screen, hapo hutakosa. Kama ilizimika kwenye 96, 99, 100, ni joto. Kama ilizimika kwenye 70, acha kulaumu vumbi, rudi kwenye umeme. Kuna mafundi wanaofungua "Observateur d'événements", wanakuonyesha mstari wa Kernel-Power 41 na kusema: ona, ni joto. Mstari ule unasema tu kwamba mashini ilizimika bila kufungwa vizuri. Hata ukichomoa batri kwa mkono utauona.

Vumbi jekundu na moshi wa makala

Majira ya kiangazi, pikipiki zinapopita, vumbi letu jekundu linaingia hadi ndani ya sanduku la nguo. Laptopu inalivuta lenyewe: tumbo lake liko na matundu, ventilatere inanyonya kutoka chini. Na kama nyumbani mnapika kwa makala karibu na chumba cha kazi, moshi unaacha mafuta mafuta juu ya mapezi, vumbi linanata na kuwa kama kitambaa. Kitambaa hicho kinakaa hasa kati ya ventilatere na mapezi, mahali usipoona kutoka nje. Ndiyo maana kupuliza kutoka nje mara nyingi kunakisukuma tu kurudi ndani ya ventilatere. Lazima kufungua.

Kabla ya kufungua: zima kabisa, chomoa shaja, chomoa kile kichwa cha batri ndani mara unapotoa mfuniko, halafu bonyeza buton ya kuwasha sekunde kumi na tano umeme uliobaki uishe. Visi zina urefu tofauti. Chora umbo la mashini juu ya karatasi na uziweke mahali pake moja moja. Visi ndefu ikiingia mahali pa fupi inaweza kutoboa karti.

Tumia burashi laini ya rangi, mpya, kavu. Pampu ya baiskeli ao ya mpira inafaa kabisa. Kompresa ya mtu wa vilkanize haifai: inatema maji na mafuta pamoja na hewa, na nguvu yake ni nyingi. Wakati wa kupuliza, shika mabawa ya ventilatere kwa kidole yasizunguke. Yakizungushwa kwa nguvu yanaharibu ekseli na yanaweza kurudisha umeme kwenye karti. Mende pia tumewakuta mle ndani, wanapenda joto, na mguu mmoja wa mende unatosha kusimamisha ventilatere. Wengine wanashonea kipande cha chandarua kwenye matundu kuzuia vumbi. Wazo linaeleweka, lakini kinajaa upesi na hewa haipiti. Chandarua kiweke kwenye dirisha la chumba.

Pate, na mabomba ya shaba

Ukiisha safisha na bado inapanda hadi 100, angalia pate. Ni ile dawa ya kijivu kati ya prosesa na shaba. Baada ya miaka kadhaa ya joto kali inakauka kama udongo, inaacha hewa katikati. Panguza ya zamani kwa pamba na alkoli ya 90 ya famasi. Ile ya 70 iko na maji mengi zaidi, kama njo hiyo tu unayo basi ngoja ikauke vizuri. Prosesa ya laptopu haina kofia, ni kioo kitupu: paka pate nyembamba ifunike yote, kisha kaza visi kwa kufuata namba zilizochorwa 1, 2, 3, 4, kidogo kidogo kwa mzunguko. Ukikaza upande mmoja hadi mwisho, kona inaweza kuvunjika, na hapo hakuna fundi.

Dawa ya meno si pate. Vazelini si pate. Dawa ya meno inapoza siku mbili, inakauka, mambo yanakuwa mabaya kuliko mwanzo. Zile plastiki laini za kijivu ao buluu zilizokaa juu ya vipande vidogo pembeni, usizitupe na kuweka pate mahali pake: zinajaza nafasi ambayo pate haiwezi kujaza.

Na onyo moja. Laptopu fulani, hasa ROG za ASUS tangu 2020, zina chuma cha maji badala ya pate, kinang'aa kama zebaki. Kinapitisha umeme, na kinakula aluminyumu. Ukikiona, funga tena. Tone moja likianguka juu ya karti, mashini imekwisha.

Yale mabomba ya shaba yaliyolala bapa ndani yana maji kidogo yanayogeuka mvuke upande wa moto na kurudi maji upande wa mapezi. Bomba likipasuka ao kupindwa sana, linakuwa shaba ya bure. Dalili yake: prosesa iko 100, ventilatere inazunguka vizuri, lakini hewa inayotoka nyuma ni ya baridi. Hapo hata pate ya dola ngapi haisaidii, unatafuta bomba lingine kwenye mashini iliyokufa ya aina ileile.

Yasiyohitaji turnevisi

Tungesema uanzie hapa, kabla ya mambo yote ya juu. Inua nyuma ya mashini kwa vizibo viwili vya chupa ya maji, hewa ipite chini. Usiiweke juu ya kitanda, mkeka ao kitenge. Itumie kwenye baraza yenye kivuli kuliko ndani ya mabati, na kazi nzito ya kutoa video uiache kwa asubuhi mapema ao usiku. Kama uko na sola, ventilatere ndogo ya volti 12 inaweza kushikwa moja kwa moja kwenye batri, bila konvertisere, ikipuliza chini ya mashini. Barafu na kitambaa cha maji, hapana: maji ya hewa yanaganda ndani.

Kwenye mchezo, funga idadi ya picha kwa sekunde: 60, ao hata 30. Bila kufungwa, mashini inajitahidi kutoa 120 na 150 ambazo screen yako na macho yako hayazihitaji. Halafu ingia "Options d'alimentation", "Modifier les paramètres d'alimentation avancés", "Gestion de l'alimentation du processeur", na pale penye "État maximal du processeur" toa 100 uweke 99. Inaonekana kama utani, asilimia moja tu. Lakini kwenye prosesa nyingi ile moja inazima ule mwendo wa ziada ambao njo unaleta joto, na digrii 10 ao zaidi zinaweza kushuka. Video itachelewa kidogo kutoka. Kwenye mashini mpya mstari huo unaweza kufichwa. Chagua basi hali ya kimya katika programu ya kiwanda chenyewe. Faida nyingine ni kwamba umeme pia unapungua, konvertisere inapumua.

Kuna watakaokuambia ufanye mise à jour ya BIOS. Inaweza kusaidia, lakini umeme ukikatika katikati, mashini haiwaki tena. Kwa grupu ya kwetu, usijaribu kama batri ya ndani haishiki saa nzima.

Batri iliyovimba

Joto la miezi mingi linaua batri ya ndani kabla ya prosesa. Angalia sehemu ya kugusa, pale chini ya klavye: ikianza kuinuka, ao mashini ikiwekwa mezani inayumbayumba, ao mfuniko haufungi vizuri, batri imevimba. Acha kusharji siku hiyohiyo. Usiitoboe "kutoa hewa", tumesikia watu wanaofanya hivyo. Inawaka moto usiozimika kirahisi, tena moshi wake ni sumu. Itolewe polepole bila kuichongoa na turnevisi, iwekwe ndani ya bati la chuma lenye mchanga mkavu, nje, mbali na nyumba ya majani na mbali na mafuta. Mashini nyingi zinakubali kufanya kazi na shaja peke yake, kwa nguvu kidogo. Weka akilini kwamba kila umeme ukiyumba itazimika, kwa hiyo rekodi kazi kila dakika chache. Na kama unaituma kwa fundi wa Kindu ao Bukavu, tuma mashini bila ile batri, mwambie dereva wa pikipiki ni kitu gani amebeba, na ndani ya karto weka karatasi yenye namba ulizopima: inazimika kwenye digrii ngapi, baada ya dakika ngapi, na ilikuwa juu ya grupu ao sola.